Mitambo ya upepo baharini: kwa nini njia za meli huchorwa kwanza

Anayetafuta mahali pa kusimika mitambo ya upepo katika nchi kavu huanza na upepo wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, ambako minara 365 inaweza kuzalisha megawati 310, na ndivyo ilivyokuwa katika vilima vya Ngong, vinavyoonekana kutoka mitaa mingi ya Nairobi. Baada ya upepo huja suala la ardhi, kisha nyaya za kufikisha umeme kwa watumiaji. Mjadala wa umeme wa baharini unapoanza hapa Nairobi, mpangilio huohuo wa fikra huhamishiwa Bahari ya Hindi bila kubadilishwa, na hapo ndipo hoja inapopotoka. Upepo wa baharini hupimika. Vyombo vya kuupima vipo na kumbukumbu za miaka mingi zipo. Kinachosumbua ni meli, na hasa ile iliyozimikiwa na injini, ile inayolazimika kukwepa nyingine ghafla, au ile ambayo nahodha wake ameacha njia aliyoipanga. Nafasi inayoachwa kati ya mitambo na njia ya meli hupimwa kwa ajili ya meli kama hizo. Makala haya yanaeleza jinsi inavyopimwa, na mambo ambayo Kenya itapaswa kuyaamua kabla ya kumpa yeyote leseni.

Kenya haina mtambo hata mmoja wa upepo baharini. Duniani, shamba la kwanza la aina hii lilijengwa Vindeby nchini Denmark mwaka 1991, likiwa na mitambo 11 tu, karibu na pwani, katika maji ambayo meli kubwa hazikuwa na haja nayo. Mashamba ya leo ni ya kiwango kingine kabisa. Hornsea 2 ya Uingereza, iliyokamilika mwaka 2022, ina mitambo 165 na uwezo wa zaidi ya megawati 1,300. Kadiri mashamba yalivyokua ndivyo yalivyosogea mbali na ufuo, hadi yakafika katika maeneo ambayo meli zimekuwa zikipita kwa karne nyingi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tukio linalofundisha zaidi kuhusu jambo hili lilitokea Januari 31, 2022, karibu na IJmuiden nchini Uholanzi. Meli ya mizigo iitwayo Julietta D ilikuwa imetia nanga ikisubiri zamu yake ilipopigwa na dhoruba iliyopewa jina la Corrie. Nanga ilianza kuburura, meli ikaigonga meli ya mafuta iliyokuwa nayo imetia nanga jirani, maji yakaingia katika chumba cha injini, na mabaharia 18 wakaokolewa kwa helikopta. Meli ilibaki peke yake, bila mtu na bila injini, ikisukumwa na upepo hadi ikaingia ndani ya shamba la Hollandse Kust Zuid lililokuwa likijengwa, ambako iligonga msingi wa mtambo na pia msingi wa jukwaa la transfoma. Hatimaye ilivutwa hadi Rotterdam. Hakuna aliyekufa. Hata hivyo, kila aliyehusika na upangaji wa bahari ya Kaskazini alilazimika kukiri kwamba eneo la kutia nanga, ambalo katika ramani huonekana kama mahali pa mapumziko, linaweza kuwa chanzo cha hatari kwa chochote kilicho upande ule ambako upepo unaelekea.

Tukio la pili ni la namna nyingine. Mwezi Aprili mwaka 2023, meli ndogo ya mizigo iitwayo Petra L, iliyokuwa imebeba takriban tani 1,500 za nafaka, iligonga mtambo katika shamba la Gode Wind 1 kwenye maji ya Ujerumani, kisha ikafika bandari ya Emden ikiwa na tundu kubwa ubavuni. Meli hii haikuwa imepotewa na nguvu; ilikuwa ikienda kwa injini yake yenyewe. Wataalamu hutenganisha aina hizi mbili za ajali kwa sababu tiba zake hazifanani. Ajali ya meli iliyo na nguvu hupunguzwa kwa alama, taa, ramani zilizosahihishwa mapema na njia zilizonyooka. Ajali ya meli inayoelea bila nguvu hupunguzwa kwa umbali na kwa kuwa na chombo cha kuivuta, kwani taa haina msaada wowote kwa meli isiyoweza kugeuka.

Wengi hudhani kwamba sheria tayari imeshaweka umbali huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unaipa nchi ya pwani haki ya kujenga mitambo katika eneo lake la kipekee la kiuchumi, linalofika maili 200 za baharini. Kifungu cha 60 kinairuhusu nchi hiyo kuweka eneo la usalama kuzunguka kila mtambo, lisilozidi mita 500, na kinakataza kabisa kujenga mahali ambapo mtambo utazuia njia za bahari zinazotambuliwa kuwa muhimu kwa usafiri wa kimataifa. Katazo hilo la pili ndilo lenye uzito, kwa sababu njia ikishatambuliwa kimataifa, shamba ndilo linalopisha. Kuhusu zile mita 500, hebu tufanye hesabu ndogo. Meli iliyozimikiwa na injini ikisukumwa kwa mwendo wa maili mbili za baharini kwa saa, ambao si mwendo wa ajabu katika upepo mkali, itazimaliza mita 500 kwa takriban dakika nane. Ndani ya dakika nane fundi hajafika hata chini ya meli kuangalia injini ina nini. Eneo la mita 500 humzuia mwenye chombo asisogelee kwa hiari yake. Halikukusudiwa kumlinda asiye na hiari.

Umbali unaomlinda huyo hupatikana kwa kuanzia na umbile la meli. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilipitisha mwaka 2002 viwango vya jinsi meli inavyopaswa kugeuka na kusimama. Meli inayogeuza usukani hadi mwisho inatakiwa imalize mgeuko wake ndani ya kipenyo kisichozidi urefu wake mara tano. Ikirudisha injini nyuma kwa nguvu zote ili isimame, inaruhusiwa kuendelea kusonga hadi mara 15 ya urefu wake. Meli haina breki za matatu. Yenye urefu wa mita 400 inaweza kwenda kilomita sita kabla ya kutulia.

Waholanzi walichukua kipimo cha mgeuko, wakaongeza urefu mmoja zaidi wa meli kama akiba, wakapata mara sita. Juu ya hapo wakaweka zile mita 500 za eneo la usalama. Kwa upande wa kulia wa njia wakaongeza tena maili 0.3, kwa sababu kanuni za kuzuia migongano baharini humtaka nahodha aliye hatarini akwepe kwa kuelekea kulia, na akishakwepa huenda bado akahitaji kuzunguka mduara mzima. Tukichukua meli ya mita 300 kuwa mfano, mara sita ni mita 1,800. Ukijumlisha 500 ni mita 2,300, yaani maili 1.24 za baharini kwa upande wa kushoto. Kwa upande wa kulia, jumla ni kama mita 2,856, yaani maili 1.54. Ninaupenda utaratibu huu kwa sababu hauna siri: mwenye kalamu na karatasi anaweza kuuhakiki, na anayetaka umbali upunguzwe hulazimika kusema waziwazi ni hatua gani ya nahodha anayotaka kuifuta.

Waingereza huanzia kwingine. Mwongozo wao uitwao MGN 654, wa mwaka 2021, hauweki namba moja ya kufuata bali ngazi za hatari. Mitambo ikiwa chini ya nusu maili kutoka kwenye njia ya meli, hatari huhesabiwa kuwa haivumiliki. Kati ya nusu maili na maili 3.5, mwekezaji anaweza kuruhusiwa iwapo ataonyesha kwamba amepunguza hatari kadiri inavyowezekana kwa busara. Zaidi ya maili 3.5, hatari hukubalika kwa jumla. Kwa mwendo ule wa maili mbili kwa saa, maili 3.5 humpa nahodha saa moja na dakika 45, muda ambao anaweza kuwasha injini upya, kushusha nanga au kufikiwa na msaada.

Huo ukanda wa katikati ndio uwanja wa mabishano, na fedha zilizomo si haba. Tuseme njia ya meli inapita sambamba na ukingo wa shamba kwa kilomita 20. Tofauti kati ya maili 1.54 za hesabu ya Kiholanzi na maili 3.5 za ngazi ya juu ya Uingereza ni kama kilomita 3.6. Ukizidisha kwa 20, unapata takriban kilomita 72 za mraba. Kwa makadirio ya megawati tano kwa kila kilomita ya mraba, kipande hicho kingebeba megawati 360, kiasi kinachozidi shamba zima la Loiyangalani. Mwekezaji anayeshinikiza asogezewe mpaka anayo sababu ya kweli, na ofisa anayemkatalia anapaswa kuijua thamani ya anachokikataa. Kwa maoni yangu anapaswa kukikataa kwanza, kisha amwache mwekezaji athibitishe. Kipande cha bahari kilichoachwa wazi kinaweza kutolewa baadaye, ilhali mtambo uliosimikwa hausogezwi.

Lakini vipimo vyote hivi huanzia kwenye njia ya meli, na mahali ambapo hakuna njia rasmi iliyochorwa, mtu hujuaje meli hupita wapi? Chanzo kikuu ni AIS, mfumo wa utambulisho ambao kila meli yenye tani 300 au zaidi katika safari za kimataifa, na kila meli ya abiria, inatakiwa kuwa nao. Chombo hicho hutangaza jina la meli, mahali ilipo, mwendo na mwelekeo wake, na matangazo ya mwaka mzima yakiwekwa juu ya ramani, njia hujitokeza zenyewe kama mishipa. Huonyesha meli zinavyokwenda kwa kweli, badala ya jinsi kitabu kinavyosema. Tofauti hiyo ni muhimu. Meli ya Wakashio, iliyopanda mwamba kusini mashariki mwa Mauritius Julai 25, 2020 na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta, ilikuwa imebadilishiwa njia ili ipite karibu zaidi na kisiwa. Kampuni iliyokuwa imeikodi ilieleza baadaye kwamba nia ilikuwa kupata mawasiliano ya simu. Mpangaji anayetegemea njia zilizoandikwa peke yake hawezi kuiona meli kama hiyo.

Upungufu wa AIS, kwetu sisi, ni mkubwa kuliko ulivyo Ulaya. Jahazi linalotoka Lamu na mbao za mikoko, mashua ya wavuvi wa Kipini, ngalawa ya Shimoni, vyote hivi havimo katika ramani hiyo. Mtu aliyekaa ofisini Upper Hill akiiangalia skrini ataona bahari tupu pale ambapo kuna watu kazini. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unataka uchunguzi wa angalau siku 28 unaotumia rada na macho ya watu pamoja na AIS, na unaozingatia tofauti za majira. Hapa kwetu majira ndiyo kila kitu. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, bahari ya nje huchafuka na wavuvi wengi wa vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba. Ikiingia kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, maji hutulia na vyombo hutoka mbali. Uchunguzi utakaofanywa mwezi Julai pekee utaripoti kwa unyofu kabisa kwamba hakuna mtu, na ripoti hiyo itamnyima mvuvi nafasi yake kwenye ramani kwa miaka 30.

Wavuvi wenyewe wanapaswa kuulizwa mapema, wakiwa na ramani mbele yao, kabla mistari haijachorwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya madhara ya ujenzi wa bandari, na kesi hiyo ilikuwa imechukua miaka. Kuuliza mapema ni gharama ndogo mno ukilinganisha na hilo.

Kuna jambo jingine linalovihusu vyombo vidogo, na huwa halifikiriwi hadi mitambo imeshasimama. Mnara wa chuma wenye mapanga yanayozunguka hurudisha mawimbi ya rada kwa nguvu nyingi. Katika kioo cha rada ya meli, mtambo mmoja unaweza kuonekana kama kadhaa. Mwangwi wa uongo hujitokeza mahali ambapo hapana kitu, na nyuma ya mnara huwa na kivuli. Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani pamoja na vyuo dada vyake vilichapisha tathmini ya tatizo hili mwaka 2022. Nahodha anayekerwa na vurugu hiyo hupunguza unyeti wa rada ili kioo kisafike. Kioo husafika kweli, lakini kinachofutika kwanza ni mwangwi dhaifu kuliko yote, yaani boti ya mbao. Mashua ambayo haikuwemo katika AIS sasa haimo katika rada pia. Ukiniuliza ni hatari gani ya mitambo ya baharini inayostahili kuzungumzwa zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, nitaitaja hii kabla ya meli kubwa.

Mpangilio wa mitambo ndani ya shamba unaweza kupunguza sehemu ya tatizo. Katika maji ya Massachusetts na Rhode Island, walinzi wa pwani wa Marekani walihitimisha mwaka 2020 kwamba mitambo ipangwe kwa mistari iliyonyooka ya kaskazini–kusini na mashariki–magharibi, kila mmoja ukiwa maili moja ya baharini kutoka kwa mwenzake, ili mvuvi aweze kupita na helikopta ya uokoaji iweze kuruka kati ya minara ikifuata mstari usiopinda. Rangi ya manjano sehemu ya chini ya mnara, taa za kumweka pembeni na nafasi ya angalau mita 22 kati ya ncha ya panga na maji ni mambo yaliyozoeleka, na hayana ubishi mwingi.

Ubishi hurudi mashamba yanapokuwa mawili au zaidi. Shamba moja likisukuma njia kidogo upande, meli huzoea. La pili likijengwa ng'ambo, meli zilizokuwa zimetawanyika katika upana wa maili 15 hujikuta katika mlango mmoja, zikikutana uso kwa uso na kukatana njia penye kona. Waingereza hukadiria upana wa mlango kama huo kwa kudhani kwamba meli inaweza kuacha mstari wake kwa nyuzi 20, hivyo mlango mrefu hulazimika kuwa mpana zaidi kuliko mfupi. Kwa hiyo kila shamba likipimwa peke yake, yote yanaweza kufaulu na bado bahari ikawa ya hatari.

Tukirudi kwetu, maumbile yenyewe yanaongeza masharti. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki na kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na pepo zote mbili zina mwelekeo wa kukisukuma chombo kuelekea pwani. Meli itakayozimika ikiwa njiani kati ya Mombasa na Lamu itaelekea, kwa sehemu kubwa ya mwaka, upande wa nchi kavu, na mitambo itakayosimikwa kati ya njia hiyo na ufuo itakuwa imewekwa hasa pale meli inakopelekwa na upepo. Ukiisogeza mitambo nje ya njia, unakutana na kina. Ukingo wa bara letu chini ya maji ni mwembamba na sakafu ya bahari huteremka haraka, ilhali misingi iliyochimbiwa chini hutumika zaidi katika kina kisichozidi mita 60 hivi. Zaidi ya hapo inabidi kutumia mitambo inayoelea, kama ile mitano ya Hywind iliyoanza kazi Scotland mwaka 2017 katika maji ya takriban mita 100, na minyororo yake huenea chini ya maji mbali na mnara unaoonekana.

Kina hicho humnyima nahodha kinga yake ya mwisho pia. Nanga hushika pale mnyororo unapokuwa mrefu mara kadhaa kuliko kina. Katika maji ya mamia ya mita, mnyororo wa meli ya kawaida hautoshi. Bahari ya Kaskazini, ambako sehemu kubwa ya vipimo nilivyovieleza vilitungwa, ni ya kina kifupi, na nahodha wa huko anaweza angalau kujaribu nanga. Kuvichukua vipimo hivyo kama vilivyo na kuvitumia hapa kungekuwa kuhesabu msaada ambao haupo.

Kinachobaki ni meli ya kuvuta, yaani tagi, na hapa ndipo Mamlaka ya Masuala ya Baharini, Halmashauri ya Bandari na Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilichoundwa mwaka 2018 wanapaswa kuketi na Wizara ya Kawi mapema sana. Uholanzi, ambako serikali yenyewe huteua maeneo na kuyafanyia uchunguzi kabla ya kuwaalika wawekezaji, imeweka tagi za dharura karibu na mashamba yake. Kutoka Mombasa hadi Lamu ni kama maili 130 za baharini. Tagi yenye nguvu inayotoka Kilindini kwa mwendo wa maili 12 kwa saa ingehitaji karibu saa 11 kufika, ilhali umbali wa maili 3.5 unampa nahodha chini ya saa mbili. Kwa hiyo eneo lolote litakalopendekezwa kaskazini mwa Malindi litahitaji tagi yake karibu, iliyo na wafanyakazi usiku na mchana katika kusi na kaskazi, na gharama hiyo ni lazima iandikwe katika masharti ya zabuni kabla mwekezaji hajataja bei ya uniti moja ya umeme. Ikiachwa nje, bei itaonekana nafuu, na anayeilipa tofauti hiyo atakuwa bandari, bima ya meli, au mvuvi aliyekuwa upande wa chini wa upepo.